Kinara cha umeme, nyota ya dirishani, taa za kamba au mishumaa: ulinganisho kwa anayekaa Uswidi majira ya giza

Mtu aliyekulia Mbeya, Tanga au Mombasa hana sababu ya kulifikiria jua. Huchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na zile dakika zinazoongezeka au kupungua kati ya Juni na Desemba hakuna anayezihesabu. Hapa Uppsala, kaskazini kidogo ya Stockholm, tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa tatu kasoro dakika kumi hivi asubuhi, na ikifika saa tisa kasoro robo alasiri linakuwa linazama. Mtoto huenda shuleni gizani na kurudi gizani. Huko Kiruna, mbali zaidi kaskazini, kuna kipindi cha takriban majuma matatu ambapo jua halichomozi kabisa. Hata hivyo, wakazi wengi watakwambia kwamba mwezi ulio mzito zaidi ni Novemba, kwa sababu majani yamekwisha kupukutika, theluji haijatulia, na ardhi nyeusi iliyolowa humeza hata mwanga wa taa za barabarani.

Kwa hiyo taa za mapambo katika nchi hii ni sehemu ya matayarisho ya majira ya baridi, kama vile koti na viatu. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, ambayo huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, madirisha ya majengo huwaka moja baada ya jingine, na taa nyingi hubaki mahali pake hadi tarehe 13 Januari, siku ya Knut, ambayo kwa desturi ndiyo siku ya kuondoa mapambo ya Krismasi. Ndugu zetu waliofika kutoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya huingia dukani mwezi wa kumi na moja, wakakuta rafu nzima za vinara, nyota, kamba za taa na mishumaa, na wengi hununua kilichokuwa karibu na mlango au kilichopunguzwa bei. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao: mtu anayekaa ghorofani, mwenye madirisha mawili au matatu, mwenye watoto, na asiyetaka kununua mara mbili.

Kwanza rangi ya mwanga

Kabla ya kuchagua kati ya kinara na nyota, tazama namba iliyochapwa kwenye kisanduku ikifuatiwa na herufi K. Namba hiyo hueleza kama mwanga unaelekea manjano ya moto au weupe wenye ubuluu, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo mwanga unavyokaribia ule wa moto. Taa ya 2200 K inatoa mwanga unaofanana sana na wa taa ya chemli iliyopunguzwa utambi. Ya 2700 K ni kama balbu za zamani za sebuleni. Ya 4000 K inafaa mezani pa kazi. Na ya 6500 K inakumbusha duka la dawa usiku.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nilinunua kamba ya taa yenye urefu wa mita kumi, kwa bei nafuu, bila kusoma namba hiyo. Nilitumia jioni nzima kuizungusha kwenye fremu ya dirisha la sebuleni, nikachomeka plagi, na chumba kizima kikageuka rangi ya barafu. Mwanga ulikuwa mwingi, hilo siwezi kulikataa, lakini nyuso zetu zilionekana za wagonjwa, na mwanangu mdogo aliomba taa izimwe ili apate kula. Tangu siku hiyo sijanunua taa ya mapambo inayozidi 2700 K, na kwa dirishani napendelea 2200 K. Jingine la kuzingatia ni kwamba taa za dirisha moja zinapaswa kuwa za namba moja au za namba zinazokaribiana, kwa sababu taa moja yenye ubuluu ikikaa kati ya taa za manjano huvuta macho yote kwake na kuziharibu zilizobaki.

Kinara cha umeme

Hiki ndicho utakachokiona katika madirisha mengi zaidi nchini: kibao cha mbao au cha chuma chenye mikono saba iliyopandishwa hadi katikati kama paa la nyumba, na juu ya kila mkono bomba jeupe la plastiki lenye balbu ndogo iliyochongoka kama ulimi wa mshumaa. Historia yake ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1934 mjini Göteborg, Oscar Andersson, aliyekuwa akifanya kazi katika ghala la kampuni ya Philips, alichukua taa za mti wa Krismasi zilizokuwa zimerudishwa na kuzifunga kwenye kinara cha mishumaa, na kufikia mwaka 1939 vinara vya namna hiyo vikaanza kuuzwa madukani. Nalitaja hili kwa sababu nimewahi kuulizwa na Waislamu wenzetu wa hapa kama mikono saba ina maana ya ibada. Kinara hiki kilizaliwa katika ghala la vifaa vya umeme, na leo huwekwa madirishani mwa ofisi, shule na nyumba za watu wasio na dini yoyote. Anayeona bado hakimfai ana chaguo zuri katika taa za kamba, nitakazozieleza baadaye.

Sifa kubwa ya kinara ni kwamba hakihitaji fundi, ndoana wala ngazi. Unakiweka juu ya kizingiti cha dirisha, unachomeka plagi, kazi imekwisha. Madirisha ya nyumba nyingi za Uswidi yana vizingiti vipana vya ndani, na kinara kimeumbwa kwa ajili ya nafasi hiyo hiyo. Mwanga wake ni wa chini, hauumizi macho, na kwa kuwa balbu zimepangwa kwa mstari unaopanda na kushuka, mtu aliye barabarani huuona kama umbo moja hata akiwa mbali.

Kasoro yake ni ya kiufundi, na ni vyema uielewe kabla haijakusumbua. Katika kinara cha kawaida balbu zote saba zimeunganishwa kwa mfuatano, yaani umeme hupita katika ya kwanza ndipo ufike ya pili, hadi ya saba. Umeme wa nyumbani hapa ni volti 230, na kila balbu imetengenezwa kwa volti 34. Zidisha 34 kwa 7 upate 238, nawe utaona jinsi mzigo ulivyogawanywa. Balbu moja ikiungua au ikilegea, zote saba huzimika. Ilitutokea Jumapili moja asubuhi, wageni wakiwa njiani. Nilichomoa plagi, nikakaza kila balbu kwa robo mzunguko kuanzia kushoto, nikachomeka tena, giza. Nikachomoa, nikatoa balbu ya kwanza na kuweka ya akiba, nikachomeka, giza bado. Nikairudisha ya kwanza mahali pake, nikaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Nilipofika ya tano kinara kizima kikawaka mara moja, na ile balbu niliyoitoa ilikuwa na doa la kijivu ndani ya kioo, dogo kama mbegu ya ufuta. Kazi yote ilichukua kama dakika kumi, na asiyekuwa na balbu ya akiba angekitupa kinara kizima akidhani kimeharibika.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Wakienda dukani huchukua balbu yoyote inayoingia, kwa kuwa kitako chake ni kile kile kinachoitwa E10. Lakini kinara cha mikono mitano hutumia balbu za volti 46, si 34, na balbu isiyo ya volti zake ama itawaka kwa mwanga hafifu ama itaungua mapema na kuzitesa nyingine. Namba imeandikwa kwenye kitako cha balbu kwa maandishi madogo sana. Ipige picha kwa simu uikuze. Kuna pia balbu za LED zilizotengenezwa kuingia katika vinara vya aina nyingi, na kwenye pakiti huandikwa volti 10 hadi 55. Hizo ni nzuri, ila ukibadilisha badilisha zote kwa pamoja, usizichanganye na za nyuzi, yaani zile za zamani zenye uzi unaowaka ndani.

Ukinunua kinara cha mtumba, na masoko ya mitumba ya hapa yamejaa vinara vizuri vya mbao vya miaka ya zamani, kagua waya kwanza. Upinde taratibu kati ya vidole kuanzia kwenye plagi hadi kwenye kibao. Ukiona nyufa katika ganda lake, au plagi ina rangi ya kuungua, kiache hata kikiwa kizuri namna gani.

Nyota ya dirishani

Nyota ina hadhi ambayo kinara hakina, kwa sababu inaning'inia katikati ya kioo na kujaza dirisha. Asili yake ni Ujerumani, kwa ndugu wa Herrnhut, jumuiya ya Wakristo wa Moravian katika jimbo la Saxony, ambao shuleni kwao mwanzoni mwa karne ya 19 nyota ya karatasi ilitumika kuwafundishia wanafunzi jometri. Nyota ya asili ya Herrnhut ina pembe 25: 17 zenye pande nne na 8 zenye pande tatu, na upande mmoja wa kiini chake huachwa bila pembe ili kupitisha waya na kuning'inizia. Sisi tuliotoka nyanda za juu kusini mwa Tanzania tuna uhusiano na jambo hili, kwa kuwa wamishonari waliofika Rungwe mwaka 1891 na kuanzisha Kanisa la Moravian huko walitumwa na ndugu hao hao. Mara ya kwanza nilipoelezwa hivyo, nilisimama mbele ya nyota ya dukani kwa muda mrefu nikifikiria safari ya Wajerumani wale hadi kwenye milima yetu.

Nyota nyingi zinazouzwa Uswidi ni rahisi kuliko ile ya Herrnhut. Ni za karatasi nene iliyotobolewa matundu madogo, hufika zikiwa bapa ndani ya bahasha, na hufunguliwa na kufungwa kwa vibanio. Karatasi hulainisha mwanga kuliko kitu kingine chochote katika ulinganisho huu. Balbu yenyewe haionekani, na ukutani hutapakaa vidoadoa vya mwanga kutoka katika matundu. Kama chumba chako ni kidogo na hupendi kuona balbu tupu, nyota inakishinda kinara.

Inachokidai ni mambo matatu. Kwanza, ndoana juu ya dirisha. Nyumba nyingi za hapa zinayo tayari, lakini anayepanga chumba ambacho hakina, na haruhusiwi kutoboa, itambidi atafute nyota yenye mguu wa kusimama, nazo zipo. Pili, soketi iliyo karibu, kwani waya hushuka kando ya dirisha, na waya unaoning'inia ni mwaliko kwa mtoto anayeanza kutambaa. Tatu, balbu ya LED. Balbu ya nyuzi ndani ya karatasi hutoa joto, na nyota iliyosogea ikagusa balbu hiyo inaweza kuungua. Nyota huandikwa kiwango cha juu cha wati kinachoruhusiwa. Usikivuke, na kwa LED ya wati mbili au tatu hutahitaji hata kukikaribia. Usiku wa kwanza weka mkono juu ya karatasi baada ya saa moja: inapaswa kuwa baridi kama ukuta.

Udhaifu wa nyota ya karatasi ni kwamba haidumu. Inapokunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa, mistari ya mikunjo hupasuka na mwanga hupenya kwa ukali kupitia mpasuko. Kinara cha mbao kinaweza kurithiwa; nyota ya karatasi ihesabie miaka minne au mitano, ingawa waya na kishikio chake utavihifadhi kwa nyota ijayo.

Taa za kamba

Hapa machaguo ni mengi kuliko faida, kwa hiyo nitasema machache tu. Taa za kamba huenda mahali ambapo kinara na nyota haviwezi kufika: juu ya rafu ya vitabu, kwenye kichwa cha kitanda, ndani ya chupa ya kioo, kuzunguka mmea, kwenye reli za roshani. Pia hazifungamani na sikukuu yoyote, na kwa familia ya Kiislamu faida hiyo ni kubwa zaidi katika miaka hii, kwani Ramadhani inasogea kuelekea katikati ya majira ya baridi: mwaka 2026 mwanzo wake ni Februari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Kamba zilizoning'inizwa Novemba zinaweza kuhudumu mpaka daku na futari bila mtu kubadilisha chochote.

Amua kwanza kati ya betri na soketi. Kamba ya betri huwekwa popote na haina waya wa kukwaza watu, na nyingi zina taima iliyojengewa ndani inayowasha kwa saa sita na kuzima kwa saa kumi na nane; ukiiwasha leo saa kumi jioni, kesho itajiwasha saa hiyo hiyo. Lakini betri huisha, na anayetumia kamba tatu za betri za kawaida kwa majuma sita atajikuta akinunua pakiti baada ya pakiti, isipokuwa awe na betri za kuchajiwa. Kwa kitu kitakachowaka kila siku, soketi ni bora. Kwa kitu cha siku chache, betri inatosha.

Kuna onyo ambalo ningeomba kila mzazi alishike. Baadhi ya taa ndogo za mapambo hutumia betri bapa za mviringo, nyembamba kama sarafu. Mtoto akimeza moja, inaweza kuunguza koo lake kwa ndani katika muda wa saa chache, na hilo ni jambo la kukimbilia hospitali mara moja bila kusubiri dalili. Usinunue taa ambayo kifuniko cha betri zake hufunguka kwa ukucha. Kinapaswa kufungwa kwa skrubu.

Kwa roshani, tafuta maandishi IP44 kwenye kamba na pia kwenye kibadilisha umeme chake. Nne ya pili humaanisha kwamba kifaa kinastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. Taa iliyoandikwa IP20 ni ya ndani tu, na theluji ikiyeyuka juu yake itaingia ndani. Usipitishe waya wa kawaida katika mlango wa roshani na kuufunga kwa nguvu, kwa sababu ganda lake husagika kidogo kidogo bila wewe kuona. Na kwa wanaopokea zawadi kutoka kwa ndugu walioko Marekani: kamba za huko hutengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka hapa bila kifaa cha kupunguza umeme inaweza kuungua papo hapo. Za Kenya na Tanzania volti zake zinalingana na za hapa, tofauti ni umbo la plagi tu.

Taa zinazowaka na kuzima sizipendekezi dirishani. Baadhi ya majengo yana taratibu zake kuhusu taa za roshani, na hata pasipokuwa na taratibu, jirani wa ng'ambo anazitazama akiwa kitandani.

Mishumaa

Hakuna taa ya umeme inayofikia mshumaa kwa uzuri, nami sitajifanya kuwa ipo. Mwali wake hutikisika mtu akipita, hutoa joto kidogo, na watu wakikaa kuuzunguka huongea kwa sauti ya chini. Desturi ya hapa ni kinara cha mishumaa minne, ambapo Jumapili ya kwanza ya Majilio huwashwa mmoja, ya pili miwili, hadi Jumapili ya nne yote minne. Kwa kuwa wa kwanza umewaka kila Jumapili na wa mwisho mara moja tu, kufikia Krismasi mishumaa imesimama kama ngazi, kutoka mfupi hadi mrefu, na watoto wetu walihesabu majuma kwa kutazama ngazi hiyo.

Mishumaa ya stearini, inayotokana na mafuta ya wanyama au mimea, kwa kawaida hutoa masizi machache na hutiririka kidogo kuliko ya parafini, nayo ndiyo ya kuchagua kwa mezani. Vile vidogo vya kikombe cha bati huwaka kama saa nne na ni vya bei ndogo, lakini vikipangwa vingi karibu karibu hupashana joto, na nta yote ya kikombe inaweza kushika moto.

Desemba ndio mwezi ambao mioto ya nyumba inayotokana na mishumaa huongezeka zaidi nchini Uswidi, na sababu ni ya kawaida kabisa: mtu ameinuka kwenda kupokea simu. Mapambo ya kuvumwani na matawi ya msonobari yanayowekwa chini ya mishumaa hukauka kadiri majuma yanavyopita, na Jumapili ya nne yanakuwa makavu kama nyasi za kiangazi. Nyumbani kwetu tuna kanuni moja: aliyewasha ndiye anayezima, na haondoki chumbani kabla ya kuzima. Mshumaa dirishani, karibu na pazia, hatuwashi kamwe. Kwa hiyo mshumaa haushindani na kinara wala nyota. Ule ni taa ya saa moja unayokaa nayo. Hivi ni taa za majuma sita zinazokusubiri urudi.

Kitu ambacho taa za mapambo haziwezi

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walichapisha maelezo ya aina ya huzuni inayomrudia mtu kila majira ya baridi, na tangu hapo matibabu ya mwanga yamekuwa yakitumika. Taa za matibabu hayo ni za nguvu ya lux 10,000 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika mahali ulipo), na mtu hukaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Kinara, nyota na kamba zote zikiunganishwa hazikaribii hapo. Kama kila mwaka ifikapo Novemba unalala kupita kiasi, hutaki kuonana na watu, na chakula au kazi havina ladha tena, usitarajie dirisha lililopambwa likuponye. Toka nje mchana wakati kuna mwanga, hata siku ya mawingu, na uende kituo cha afya ukaeleze hali yako. Nimeona wenzetu wakinyamaza kwa kuona aibu, wakidhani ni uvivu au kukosa shukrani.

Gharama za umeme

Watu huniuliza sana kuhusu umeme, kwa hiyo nimepiga hesabu. Tuchukue taa inayowaka kwa muda wa saa tatu asubuhi na muda wa saa nane jioni, jumla saa 11 kwa siku, kwa siku 45, na bei ya mfano ya krona 2 kwa uniti moja pamoja na ada. Kinara cha balbu saba za nyuzi, za wati 3 kila moja, hutumia wati 21, yaani karibu uniti 10.4 kwa msimu mzima, sawa na krona 21. Kinara hicho hicho chenye balbu za LED za wati 0.2 hutumia chini ya uniti moja, kama krona 1 na nusu. Kamba ya LED ya wati 6 hutumia uniti 3, yaani krona 6. Tofauti kwa kinara kimoja ni krona 20 hivi kwa msimu, kwa hiyo anayekwambia utupe balbu zinazofanya kazi ili uokoe pesa anakupoteza. Ngoja ziungue, kisha hamia LED. Mwenye madirisha sita na vinara sita, huyo ana sababu ya kuharakisha.

Ningekushauri nini

Kama una fedha za kitu kimoja tu, nunua kinara cha umeme cha mbao na taima ya kuchomeka ukutani. Nasema kinara badala ya nyota kwa sababu hakihitaji ndoana, kinahama nawe kutoka chumba hadi chumba unapobadilisha nyumba, na kikizimika unaweza kukitengeneza mwenyewe. Taima ni muhimu sawa na taa yenyewe. Kukuta dirisha linawaka unapotoka kituo cha basi saa kumi na moja jioni, barafu chini ya viatu, ni jambo tofauti kabisa na kuingia katika nyumba nyeusi na kupapasa swichi.

Mwenye dirisha lenye ndoana, na asiye na mtoto anayetambaa, achukue nyota ya karatasi; chumba chake kitapendeza zaidi. Mwenye watoto wadogo sana aweke kinara juu ya kizingiti kilicho juu au kamba ya soketi juu ya rafu, mbali na mikono. Mwanafunzi wa chumba kimoja, asiyejua atakaa miezi mingapi, kamba moja ya betri ya 2200 K inamtosha, pamoja na betri nne za kuchajiwa. Familia inayotaka taa za Desemba na za Ramadhani kwa pamoja ianze na kamba. Mishumaa inunuliwe na kila mtu, kidogo, kwa ajili ya jioni ambazo mko wote mezani.

Anzia dirisha linalotazama barabara, kisha jikoni, kwani huko ndiko asubuhi nyeusi huanzia. Chumba cha kulala kiache cha mwisho.

Tarehe 13 Januari, unapoviondoa, usitupe kisanduku. Sisi huandika juu yake kwa kalamu nene: «mikono 7, volti 34, balbu 2 za akiba ndani», na waya tunauzungusha kwa kulegeza, bila kuukunja kwenye shingo ya plagi. Novemba ijayo kisanduku kitafunguliwa gizani, na mtu atakayekifungua anaweza kuwa mtoto.